Yatima Mwenye Mama

Azaiba ni mtaa wa Maskati uliobanwa baina ya Ghubra na uwanja wa ndege. Barabara Kuu ya Sultan Qaboos imeukata vipande viwili, cha kaskazini kikishuka hadi ufukweni na cha kusini kikielekea upande wa milima. Humo, kama ilivyo Seeb, Mawaleh na Al Khuwair, Kiswahili si lugha ya mgeni. Wengi wa waliorejea Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoifungua nchi, walitoka Unguja, Pemba, Mombasa, Burundi na Rwanda, na hawakuja wote. Ndugu walibaki huko, makaburi ya wazee yako huko, na sadaka nayo inafuata njia hiyohiyo. Ramadhani ikiingia, na tena ifikapo Mfunguo Tatu wakati wa kuchinja, kuna fedha zinazotoka majumbani kwenda Wete, Chake Chake, Lamu au Ujiji kwa ajili ya watoto waliofiwa na baba. Kwamba watu wanatoa, hilo halina ubishi. Linalostahili kujadiliwa ni pale fedha hizo zinapofikia. Makala hii inashikilia neno moja: sadaka ya yatima ipite mlango wa mama yake, ije kila mwezi, na iwekewe msingi wa kuishi zaidi ya aliyeitoa. Majengo ya kukusanya watoto, ambayo ndiyo yanayovutia wafadhili wengi, yawe njia ya mwisho.

Pwani yetu ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hili. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia kuwa siku ya Ijumaa fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultan anatoka kuswali, akamwomba nguo alizovaa. Sultan akaingia ndani, akavua, akampa. Kisha akaongeza watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu wakaisifu hadithi hiyo karne na karne, na ina haki ya kusifiwa, lakini wachache hutazama zawadi yenyewe. Watumwa wale walikuwa watoto na wazazi wa watu, waliotekwa katika mashambulizi ya bara ambayo Ibn Battuta mwenyewe anayataja. Mkono uliomfariji fakiri mmoja ulikuwa umeacha mayatima kwingine. Na hadithi haiishii hapo. Sultan alipofariki akashika ufalme ndugu yake Daud, na mwombaji aliyemwendea alijibiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa, wala hakubakisha kitu cha kutolewa. Mfumo mzima wa ukarimu wa Kilwa ulikuwa umekaa ndani ya kifua cha mtu mmoja, ukazikwa naye.

Sasa tumtazame yatima mwenyewe. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Maana yake ni kwamba mara nyingi mama yake yuko hai, na nyuma ya mama wako bibi, mjomba, shangazi na ami. Mtume mwenyewe alizaliwa baba yake keshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, akapokelewa na babu yake Abdul-Muttalib, na babu alipofariki akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Alihama kutoka mkono wa jamaa hadi mkono wa jamaa. Kwa hiyo ile Hadithi mashuhuri kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi kama vidole viwili ilitoka kinywani mwa mtu aliyelelewa nyumbani, na ndivyo wasikilizaji wake walivyoielewa.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba za kuchangisha hulipita haraka. Aya za mwanzo za Suratu Nisaa zinazozungumzia mayatima hazianzi na chakula. Zinaanza na mali yao: wapewe mali zao, kizuri chao kisibadilishwe na kibaya, wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa, kisha wakabidhiwe mbele ya mashahidi. Yatima wa Qur'ani ni mwenye haki kabla ya kuwa mwenye dhiki. Baba akifa Pemba akaacha nyumba ya udongo, mikarafuu michache na ng'ombe mmoja, mjane mwenye watoto anarithi thumuni, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ya watoto. Lakini mama huyo yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda kuuza wala kufuatilia. Ndicho kipindi ambacho kipato cha nyumba kimekatika ghafla, na ndicho kipindi ambacho ami asiye mwaminifu ana nafasi ya kuvuna karafuu kwa jina la usimamizi. Eda ikiisha, mama anakuta deni dukani na shamba lenye mwenyewe mwingine. Mfadhili wa Maskati anayetuma gunia la mchele katika nyumba hiyo anafanya wema, ila angelipa nauli na gharama za kulifikisha suala hilo mbele ya kadhi, huenda watoto wasingelihitaji gunia la pili. Unguja kuna Kituo cha Huduma za Sheria tangu 1992, na mahakama za kadhi zipo kwa mujibu wa sheria Zanzibar na Kenya. Sijui kwa nini msaada wa sheria hauhesabiwi kuwa sadaka. Labda kwa sababu haupakiliki kwenye gari.

Kinachopendwa ni jengo. Anayepita Forodhani katika Mji Mkongwe anaijua nyumba ile kubwa ambayo barabara hupita chini yake kama handaki. Kwa miongo mingi ilikuwa makazi ya mayatima, kabla watoto hawajahamishiwa Mazizini. Vituo vya namna hiyo, vya serikali, vya misikiti, vya makanisa na vya wafadhili wa Ghuba, vimeenea kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Jengo lina faida moja kubwa kwa anayetoa: linaonekana. Lina mlango wa kuwekewa kibao cha marumaru chenye jina la marehemu mzazi, lina safu ya vitanda vya kupigiwa picha, lina idadi ya watoto ya kutajwa kwenye taarifa. Lakini likishajengwa linahitaji watoto, na watoto hupatikana kwa kuwatoa majumbani mwa mama zao maskini, ambao huwaachia kwa sababu kule kuna chakula na skuli. Umaskini wa mama unageuka sababu ya kumpoteza mtoto.

Dunia imeanza kulitambua hili, tena kwa kutumia fikra ya Kiislamu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala, yaani malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa jina lake kuwa mojawapo ya njia za kumlea mtoto asiye na wazazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 na ile ya Kenya ya 2022 nazo zimeipa nafasi. Mwaka 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto, na mpango wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi katika familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi ziache taratibu malezi ya vituoni. Ushahidi nao upo. Watafiti waliowafuata watoto 136 wa vituo vya Bucharest, Romania, kuanzia 2000, waligundua kuwa waliohamishiwa katika familia mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata nafuu kubwa ya akili na hisia kuliko waliobaki. Romania ni mbali na Micheweni ya Pemba, na vituo vyake vilikuwa vibaya kupita vyetu vingi, lakini kiini cha tatizo ni kilekile: mlezi wa zamu ana watoto wengi, na jioni anakwenda kwake.

Watetezi wa vituo wana hoja, na si dhaifu. Husema kituo kinamfundisha mtoto Qur'ani, kinamhakikishia skuli, kinamlinda na mama wa kambo na ami mlafi, na wapo watoto wasio na yeyote. Hili la mwisho nakubaliana nalo kabisa. Kaskazini mashariki mwa Kenya, baada ya vita vya Shifta kuua watu na kumaliza mifugo, Young Muslim Association ilifungua Garissa makazi ya watoto mwishoni mwa miaka ya 1960, na wamesoma humo vijana ambao wasingelisoma popote. Palipokatika ukoo, lazima pawe na dari. Ila hali ya dharura isigeuzwe kanuni. Chuo cha Qur'ani kipo karibu kila kijiji cha Pemba, na mtoto anayelala kwao huenda na kurudi. Na kijana anayetolewa kituoni akifika miaka 18 hutoka bila shamba alilolijua, bila jirani aliyemwona akikua, bila mjomba wa kumsimamia posa. Hilo nalo liwekwe katika hesabu ya gharama, ambayo tayari ni kubwa ukijumlisha walinzi, wapishi, umeme na ukarabati.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: fedha akipewa mama zitaliwa. Atanunua vitenge, atamgawia kaka yake, ataolewa na mume mpya atazila. Hapa tuna bahati ya kuwa na utafiti uliofanyika jirani. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha taslimu mwaka 2011 na 2012 kwa nyumba maskini, zilizochaguliwa kwa alama rahisi: paa la nyasi. Watafiti walipopima, hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Waliopewa kidogokidogo kila mwezi walielekea zaidi kwenye chakula. Waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, kama mabati. Serikali ya Kenya nayo, kuanzia 2004, imekuwa ikizilipa nyumba zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na tathmini ya kati ya 2007 na 2011 ilionesha watoto wakisonga mbele katika elimu ya sekondari na vijana wakichelewa kuanza ngono. Wala hawakuwa wamepewa kingi. Malipo ya serikali yamekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Rial 10 za Oman, ambazo mtu wa Azaiba anaweza kuzimaliza kwa mlo mmoja wa familia hotelini, ni kama dola 26, yaani zaidi ya shilingi 3,000 za Kenya.

Hata hivyo nisiwe mjinga wa upande wa pili. Wapo mama wanaonyang'anywa, na wapo wanaoolewa nyumba isiyomtaka mtoto. Dawa yake ni kuangalia, na Qur'ani imeshaagiza mashahidi. Ada ilipwe skuli moja kwa moja, fedha ya chakula ipite kwenye simu ya mama mwenyewe, na sheha au mwalimu wa chuo asiye na undugu na familia atoe habari za mtoto kila baada ya muhula. Simu imerahisisha sana. Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007, na huduma za aina hiyo kufika Zanzibar, fedha haina sababu ya kupita mikono mitano ikipungua kila mkono. Tena kuna jambo la kifiqhi linalosaidia hapa: wanazuoni wengi wanashikilia kuwa zaka lazima imilikishwe mwenye kustahiki, ndiyo maana wengi wao hawaruhusu ijenge hata msikiti. Mama akishika fedha mkononi, sharti hilo limetimia bila ubishi.

Upande wa Oman kuna kikwazo ambacho wengi hukilalamikia. Kuchangisha fedha kwa umma bila kibali ni kosa chini ya sheria ya adhabu ya 2018, na mlango rasmi wa misaada ya kwenda nje ni Shirika la Oman la Misaada, lililoundwa kwa amri ya kifalme mwaka 1996. Mwenye kundi la wasapu anayekusanya rial tanotano kwa ajili ya wajane wa Tumbatu anaweza kujikuta matatani, ijapokuwa nia yake ni safi. Anauliza: tangu lini sadaka ikaombewa ruhusa, na tulifundishwa mkono wa kushoto usijue? Jibu linapatikana katika historia ya kwetu. Baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, Kenya ilitangaza kuyafutia usajili mashirika matano ya Kiislamu, likiwemo al-Haramain. Januari 2004 Marekani na Saudi Arabia ziliomba kwa pamoja Umoja wa Mataifa uyaweke matawi ya al-Haramain ya Kenya na Tanzania katika orodha ya wanaofadhili ugaidi. Ukweli wa kila tuhuma ni kazi ya mahakama. Lililo wazi ni kwamba shirika likifungwa ghafla, aliyekosa chakula kesho yake ni mtoto asiyejua hata limesajiliwa wapi. Hesabu zilizo wazi zinamlinda yeye kwanza. Siri iliyosifiwa katika dini ni ya kumsitiri mtoaji na mpokeaji; haijawahi kuwa ruhusa ya kuficha daftari la mhasibu. Na kumtumia shangazi yako wa Mkoani fedha za kumlea mtoto wa marehemu kaka yako ni wajibu wa ukoo, ambao hauna haja ya kundi wala mchango.

Linabaki lile tatizo la Kilwa: mtoaji akifa. Waislamu walilitatua zamani kwa wakf. Ibn Battuta huyohuyo alistaajabu Dameski, 1326, kukuta wakf wa kulipia vyombo vilivyovunjwa na watumishi wadogo, ili wasipigwe na mabwana zao. Kuna mtu aliyewaza mbali mpaka akafika kwa mtoto aliyeangusha sahani. Zanzibar ilikuwa na mamia ya nyumba za wakf katika Mji Mkongwe, kodi zake zikiwa za misikiti, maskini na kizazi cha waliozitoa. Kisha utawala wa Kiingereza ukaziweka chini ya Kamisheni ya Wakf mwanzoni mwa karne ya 20, Mapinduzi ya 1964 yakafuatiwa na utaifishaji wa ardhi na majumba, na zilizobaki kodi yake ikawa ndogo kiasi cha kutotosha hata chokaa ya ukuta. Wapo wanaosema historia hiyo inatosha kumkatisha mtu tamaa ya kuweka wakf kwetu. Mimi nasoma kinyume: ilikufa mali isiyokuwa na anayeikagua, na kodi isiyopandishwa kwa kuogopa lawama. Hakuna sharti kwamba mali iwe palepale alipo yatima. Duka Azaiba linalopangishwa kwa bei ya soko, likiwekwa wakf kwa utaratibu wa Oman, linaweza kulisha nyumba za Pemba kwa kodi yake pindi ikipitishwa mlango uliohalalishwa. Mfano wa kuwaza marefu uko Chukwani, Unguja. Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kikuwait aliyeanza kazi ya hisani Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1980, alianza na njaa, visima na mayatima. Lakini mwaka 1998 taasisi yake ilifungua hapo chuo cha kufundisha walimu. Yeye alifariki 2013. Chuo kimekuwa chuo kikuu chenye jina lake, na walimu waliotoka humo wamo madarasani.

Neno kuhusu taarifa zinazorudi kwa mfadhili. Kwa kawaida huja bahasha au faili lenye picha ya mtoto ameshika karatasi yenye namba, matokeo ya mtihani, na barua ya shukrani kwa mwandiko wake. Ukizisoma barua kadhaa pamoja unaona dua ni moja, salamu ni moja, hata makosa ya tahajia ni mamoja, maana zimenakiliwa ubaoni. Mtoto wa miaka tisa anafundishwa kumshukuru mtu asiyemjua kwa jambo ambalo dini inasema ni haki yake katika mali ya mtu huyo. Matokeo ya mtihani yatosha. Picha na barua zingeweza kuachwa, na badala yake yakaja maswali matatu yenye manufaa: mama bado ana nyumba, shamba liko kwa nani, na ada ya muhula ujao imelipwa?

Muhula ndicho kipimo ambacho sadaka yetu haijakizoea, kwa sababu tunahesabu kwa mwezi mwandamo na skuli zinahesabu kwa kalenda ya serikali. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2018 iliangukia Mei, katikati ya muhula. Mwaka 2030 zitakuwapo mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Skuli za Tanzania na Kenya hufungua Januari bila kujali hayo, na mama anayengoja zaka ya Ramadhani ili anunue sare anaweza kungoja miezi. Meli ya Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mamia ya watu walikufa maji karibu na Nungwi, na rambirambi zikamiminika wiki hiyo kutoka kila upande. Mtoto aliyekuwa tumboni usiku ule sasa yuko umri wa sekondari. Anahitaji nauli ya daladala, viatu, daftari na masomo ya ziada ya hesabu, na anavihitaji muhula huu, halafu muhula ujao, mpaka amalize kidato cha nne.